Wingate, jenerali aliyetua msituni kwa ndege zisizo na injini

Ukipita Kambu ukielekea Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, uko katika nchi iliyotoa askari wengi sana wa KAR. Nyumba nyingi za Makueni na Kitui bado zina stori ya babu aliyeenda Burma. Lakini mtu aliyefanya vita vya Burma vipiganwe kwa mtindo ule wa ajabu, wa majeshi kutupwa na kulishwa kutoka angani, hatajwi sana. Ni Orde Wingate.

Alizaliwa Naini Tal, India, mwaka 1903, kwenye familia ya Waingereza washika dini kupindukia. Akawa ofisa wa mizinga, akahudumu Sudan, kisha Palestina. Jamaa alikuwa kituko. Alikula vitunguu vibichi kama matofaa, na wageni aliwapokea akiwa uchi bila wasiwasi wowote.

Huku kwetu jina lake lilivuma 1941. Januari mwaka huo Haile Selassie alivuka mpaka kutoka Sudan kurudi Ethiopia, na Wingate akiwa naye. Kikosi chake, Gideon Force, hakikufika watu 2,000, lakini kiliwachezea Waitaliano akili hadi maelfu wakasalimu amri. Tuseme ukweli lakini: Addis Ababa ilikuwa imeshatekwa Aprili na jeshi lililotoka Kenya, ambalo lilikuwa na askari wa KAR. Mei 5 ndipo mfalme akaingia mjini.

Baada ya hapo mambo yakamwendea kombo. Akiwa Cairo, mgonjwa wa malaria na amevunjika moyo, alijidunga kisu shingoni. Aliokolewa.

Mwaka 1943 aliingiza askari 3,000 Burma kwa miguu, nyuma ya Wajapani. Hao ndio Chindits. Zaidi ya 800 hawakurudi, na majeruhi walioshindwa kutembea waliachwa njiani. Magazeti ya Uingereza yakamfanya shujaa, Churchill akamchukua hadi mkutano wa Quebec. Mimi hapo nasita kidogo kupiga makofi.

Safari ya pili aliamua watu wasitembee, waruke. Usiku wa Machi 5, 1944, kwenye uwanja wa Lalaghat, Assam, ndege aina ya Dakota zilijipanga, kila moja ikivuta glaida mbili kwa kamba. Glaida ni ndege isiyo na injini: ikishaachiliwa inashuka tu, hakuna kurudi juu kujaribu tena. Dakika za mwisho picha za angani zikaonyesha uwanja mmoja, Piccadilly, umezibwa kwa magogo. Je, Wajapani wamejua? Wakubwa wakajadiliana palepale, wakaamua kila mtu aende uwanja mwingine, Broadway. (Baadaye ilijulikana magogo yale yalikuwa ya wakata mbao tu!)

Zilipaa glaida zaidi ya 60. Kamba zilikatika, nyingine zikaangukia msituni, na zilizofika zikaparamia mashina na mitaro iliyojificha kwenye nyasi. Ya nyuma inaigonga ya mbele, gizani. Watu wapatao 30 walikufa hapo Broadway. Hata hivyo trekta zilizosalimika zilisawazisha ardhi, na jioni iliyofuata Dakota zilikuwa zinatua. Ndani ya wiki moja watu kama 9,000 walikuwa wameingia, na wanyama zaidi ya 1,000, wengi wao nyumbu wa mizigo (si wale wa Maasai Mara). Kati ya Chindits walikuwemo Wanigeria.

Wingate hakuona mwisho wake. Machi 24 ndege yake ilianguka kwenye milima ya Manipur, akafa na wote waliokuwemo. Alikuwa na miaka 41. Mtoto wake wa kiume alizaliwa Mei.

Miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye Wakamba wengi, ilishuka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika, chakula na risasi vikidondoshwa kwa miavuli. Desemba wakaiteka Kalewa.

Miili ya ajali ile haikuweza kutenganishwa, na wengi walikuwa Wamarekani, kwa hiyo mwaka 1950 Wingate akazikwa nao Arlington, Marekani. Majina ya askari wa Afrika Mashariki waliokosa kaburi yamechongwa Taukkyan, nje ya Yangon.