Maisha ya Alexander Selkirk, Baharia wa Kisiwani

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, bila shaka mnakumbuka hadithi ya Robinson Crusoe, aliyoitoa Daniel Defoe mwaka 1719. Yasemekana Defoe alipata wazo lake kwa mtu wa kweli, Alexander Selkirk, aliyezaliwa Largo, Scotland, mwaka 1676. Baba yake alikuwa fundi viatu.

Mwaka 1704 merikebu yake, Cinque Ports, ilitia nanga katika visiwa vya Juan Fernández, mbali na pwani ya Chile. Selkirk aliona chombo kimeoza, akagombana na nahodha, akasema heri abaki. Akaachwa. Alipojuta na kuomba arudishwe, nahodha alikataa. Baadaye merikebu ile ilizama kweli.

Aliishi peke yake miaka minne na miezi minne. Baruti ilipomwishia, alijifunza kukimbiza mbuzi kwa miguu mitupu hadi awakamate. Usiku panya walimtafuna miguu, ndipo akafuga paka wamlinde. Wahispania, waliokuwa maadui wa Waingereza, walipotua kisiwani alijificha juu ya mti.

Mwezi Februari 1709 aliokolewa na merikebu za Woodes Rogers. Mtoto huyu wa fundi viatu alipovaa viatu, miguu ilivimba. Chakula cha chumvi cha mabaharia kilimshinda. Maneno yalimtoka nusu nusu. Alifika Uingereza mwaka 1711 akiwa na fedha nyingi, lakini alimweleza mwandishi Richard Steele kwamba alikuwa na raha zaidi siku zile alipokuwa hana hata senti. Masimulizi ya kwao yasema alijichimbia pango nyuma ya nyumba ya baba yake, akawa anashinda humo. Mwishowe alirudi baharini, akafa merikebuni Desemba 1721, pwani ya Afrika Magharibi.

Kwa nini nawaletea habari zake? Mnakumbuka bwenini: aliyechelewa kumaliza chakula, wakubwa walimmalizia. Leo ninao mshahara na meza yangu mwenyewe, lakini bado nakula mbio mbio, mkono wa kushoto umeizunguka sahani. Juzi binti yangu aliniuliza nani ananikimbiza. Nilicheka, lakini usiku ule sikupata usingizi, maana nilikuwa nimeanza kumgombeza kwa kula pole pole.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Simwoni Selkirk kuwa mjinga. Mazoea yale ndiyo yaliyomwokoa. Shida ni kwamba yaliendelea kufanya kazi ilhali kazi imekwisha, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia hivyo kwa upole.

Basi tutakapokutana kwenye karamu yetu, ukiniona nimemaliza kabla wengine hawajanawa, usinicheke. Niguse bega, unikumbushe kwamba sahani hii hainyang'anywi tena. Nami nitakufanyia vivyo hivyo.