Wilder Penfield, daktari aliyeamsha kumbukumbu kwa umeme

Wilder Penfield alizaliwa Marekani mwaka wa 1891. Mwaka wa 1928 alihamia Montreal, nchini Kanada, na mwaka huo huo akampasua dada yake Ruth, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Hakuweza kuutoa wote. Ruth alifariki mwaka wa 1931. Penfield hakuacha kazi. Mwaka wa 1934 alifungua mjini humo taasisi ya magonjwa ya ubongo.

Aliwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwani ubongo wenyewe hausikii maumivu. Aligusa hapa na pale kwa umeme kidogo, akiwauliza wanasikia nini, ili asije akakata sehemu ya usemi. Alipogusa sehemu iliyo karibu na sikio, wachache walisikia wimbo au sauti za watu wa zamani. Wataalamu wengine walikuwa na shaka kama hizo ni kumbukumbu za kweli.

Penfield alifariki tarehe 5 mwezi wa nne 1976. Siku hizi watafiti wa Marekani wanajaribu kusaidia kumbukumbu kwa nyaya zilizowekwa ndani ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Yeye alitafuta kuwaponya.