Duchess wa Atholl na Kura 1,313

Katharine Marjory Ramsay alizaliwa mwaka 1874 mjini Edinburgh, Uskoti. Babake, Sir James Ramsay, alikuwa mwanahistoria. Binti alisomea muziki London, na mwaka 1899 akaolewa na John Stewart-Murray, aliyerithi cheo cha Duke wa Atholl mwaka 1917.

Ajabu ni kwamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipinga hadharani wanawake kupewa kura. Hata hivyo, mwaka 1923 alichaguliwa katika jimbo la Kinross na West Perthshire kwa tiketi ya chama cha Kihafidhina, akawa mwanamke wa kwanza kuliwakilisha jimbo la Uskoti Bungeni. Baina ya 1924 na 1929 alikuwa waziri mdogo wa elimu. Disemba 1929 alizungumzia Bungeni ukeketaji wa wasichana wa Kenya, wakati mgogoro wa wamishenari na Wagikuyu ukiwa umepamba moto.

Kilichomtenga na chama chake, kwa sehemu kubwa, kilihusu tafsiri. Kitabu cha Hitler, Mein Kampf, kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1933 kikiwa kimefupishwa mno. Duchess alikisoma kwa Kijerumani, akabaini kwamba Waingereza walikuwa wamenyimwa vifungu vilivyodhihirisha uchu wa vita wa mwandishi. Tangu hapo hakuziamini ahadi za Berlin.

Mwaka 1937 alizuru Uhispania iliyokuwa vitani pamoja na wabunge Eleanor Rathbone na Ellen Wilkinson. Mwaka huohuo alisaidia kuwaleta Uingereza watoto takriban 4,000 wa Kibaski. Wapinzani wakambandika jina la Duchess Mwekundu. Lilikuwa jina la uonevu, kwani mwaka 1931 alikuwa amechapisha kitabu kizima kulaani kazi za kulazimishwa katika Muungano wa Kisovieti.

Chamberlain alipoafikiana na Hitler mjini Munich, Septemba 1938, Duchess alimpinga. Wanachama jimboni walikuwa tayari wamempa kisogo. Akajiuzulu ubunge ili wapiga kura waamue, akasimama kama mgombea huru. Chama kikamwaga wabunge wake jimboni kumkabili. Tarehe 21 Disemba, siku ya theluji, alipata kura 10,495 dhidi ya 11,808 za William McNair Snadden.

Miezi tisa baadaye Uingereza ilikuwa vitani na Ujerumani. Snadden alikikalia kiti hicho hadi 1955. Duchess hakurudi Bungeni. Alifariki mwaka 1960.