Florence Nightingale: muuguzi aliyehesabu wafu ili aokoe wazima

Kila tarehe 12 Mei, ulimwengu unaadhimisha siku ya wauguzi. Ndiyo tarehe aliyozaliwa Florence Nightingale, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1820 katika mji wa Florence, inchi ya Italia. Wengi wanamkumbuka kwa taa aliyobeba usiku kati ya vitanda vya wagonjwa. Lakini silaha yake kubwa ilikuwa hesabu.

Baba yake ndiye alimfundisha nyumbani, na hesabu ilimpendeza tangu ujana. Alipotaka kuwa muuguzi, jamaa yake ilikataa, kwa sababu kazi hiyo ilidharauliwa. Hakurudi nyuma.

Mwezi wa Novemba 1854, alifika na wauguzi 38 kwenye hospitali ya kijeshi ya Scutari, ng'ambo ya Constantinople, wakati Uingereza na Ufaransa zilipigana na Urusi kule Crimea. Alitafutia wagonjwa chakula na nguo safi. Hata hivyo vifo viliongezeka: mwezi wa Februari 1855, karibu wagonjwa 42 juu ya 100 walikufa. Mwezi wa Machi, tume kutoka Uingereza ilikuja kusafisha mifereji ya maji machafu na kuingiza hewa vyumbani. Vifo vikapungua sana.

Aliporudi mwaka wa 1856, alichunguza orodha za vifo pamoja na William Farr, mtaalamu wa takwimu. Hesabu ilionyesha kwamba askari wengi hawakuuawa na risasi, bali na kipindupindu, kuhara na homa, magonjwa yanayoweza kuzuiwa. Ili viongozi waelewe haraka, alichora tarakimu hizo kama duara yenye vipande vya rangi, kimoja kwa kila mwezi.

Katika kitabu chake cha 1859, alisisitiza kwamba muuguzi achunguze mgonjwa kwa makini, asikisie. Mwaka wa 1860, shule yake ya wauguzi ilifunguliwa kwenye hospitali ya St Thomas, London. Mwaka huohuo aliomba hospitali zote zitumie fomu za namna moja, kwani bila hizo haiwezekani kulinganisha vifo vya hospitali moja na vya nyingine.

Mwaka wa 1891, alijaribu kuanzisha masomo ya takwimu kwenye Chuo Kikuu cha Oxford. Alitaka vijana ambao wangekuwa wabunge na mawaziri wajifunze kupima matokeo ya sheria kabla ya kutunga nyingine. Mpango huo ulishindikana. Alikufa tarehe 13 Agosti 1910, akiwa na miaka 90.