Gregory: Aliyesoma nyufa za ardhi kabla ya setilaiti

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

WAKAZI wa Buswelu, wilayani Ilemela, wanaishi juu ya mwamba mkongwe ulio kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa. Septemba 10, 2016, tetemeko lililoua watu mkoani Kagera lilisikika hadi jijini Mwanza, likawakumbusha kuwa mwamba huo una majirani wasiotulia.

Aliyelipa bonde hilo jina lake ni mwanajiolojia John Walter Gregory, aliyezaliwa London, Uingereza, Januari 27, 1864.

Gregory aliacha shule akiwa na miaka 15, akawa karani katika biashara ya sufu. Jioni alihudhuria masomo ya sayansi, na mwaka 1887 akaajiriwa katika idara ya jiolojia ya Makumbusho ya Uingereza.

Mwishoni mwa mwaka 1892 alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa uliosambaratika mapema. Badala ya kurejea kwao, mwaka 1893 aliondoka Mombasa na wapagazi wapatao 40, akafika Ziwa Baringo na kupanda hadi kwenye barafu ya Mlima Kenya.

Alipochunguza miamba ya kuta za bonde, alibaini kwamba halikuchimbwa na mto. Ukanda mrefu wa ardhi ulikuwa umezama kati ya nyufa zinazokwenda sambamba. Hoja hiyo aliieleza katika kitabu alichochapisha mwaka 1896.

Si wote waliokubali. Wapo wataalamu walioshikilia kuwa ardhi ilibanwa, wala haikuvutwa. Gregory, aliyekuwa profesa Melbourne na baadaye Glasgow, alifariki dunia kabla ubishi huo haujaisha. Alizama katika Mto Urubamba, nchini Peru, Juni 2, 1932, akiwa na umri wa miaka 68.

Miaka 75 baadaye, ushahidi ulijitokeza Tanzania. Julai 2007, matetemeko mfululizo yalilikumba eneo la Mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron. Lile la Julai 17 lilifikia ukubwa wa 5.9 na kusikika hadi Nairobi.

Setilaiti hutuma mawimbi ya rada ardhini na kupokea mwangwi wake. Picha za kabla na baada ya tetemeko zikilinganishwa, huonekana mahali ardhi iliposogea hata kwa sentimita chache. Picha za Gelai zilionyesha ukanda mwembamba uliozama kati ya nyufa, huku magma ikijipenyeza chini yake na pande mbili zikiachana.

Gregory alisoma kazi ya mamilioni ya miaka. Rada iliona ya wiki chache. Kanuni ilikuwa ileile.

Rada haitaji siku ya tetemeko lijalo. Huonyesha ufa uliosogea na kwa kiasi gani, ili wanaojenga karibu nao wajue wanajenga juu ya nini.