Cousteau: Fundi Aliyelipeleka Jicho Chini ya Bahari

Jina la hayati Jacques-Yves Cousteau si geni kwa watu waliobahatika kutazama televisheni katika miaka ya sabini. Ni yule Mfaransa mwembamba, mwenye pua ndefu na kofia nyekundu ya sufi, aliyewaonyesha walimwengu papa na nyangumi hali wameketi vitini mwao. Wengi humsifu kwa ujasiri wake na kwa meli yake Calypso. Mimi nataka kumweleza kama fundi, maana naona kuwa swali lililomsumbua maisha yake yote lilikuwa la kifundi: jicho la mtu litafikaje mahali ambapo mwili wake haufiki, au ukifika haurudi?

Alizaliwa tarehe 11 Juni, 1910, katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Akiwa na miaka 13 alijinunulia kamera ya sinema kwa akiba yake, na haukupita muda akaifungua vipande vipande ili ajue inavyofanya kazi. Mwaka 1930 aliingia chuo cha maafisa wa jeshi la majini huko Brest, na baadaye akajifunza urubani. Ajali ya motokaa ilimvunja mikono, ndoto ya kuruka angani ikaishia hapo. Akiwa Toulon alizoea kuogelea ili mikono ipate nguvu, na afisa mwenziwe, Philippe Tailliez, akampa miwani ya kutazamia majini. Alipoinamisha uso chini ya maji siku hiyo aliona ulimwengu mwingine kabisa, na tangu hapo akataka watu wengine nao wauone.

Lakini kamera na maji ya chumvi ni maadui. Kila mita kumi unazoteremka huongeza uzito wa maji sawa na uzito wote wa hewa tunaoubeba huku juu. Katika mita 18 sanduku hubanwa karibu mara tatu ya linavyobanwa hewani, na pale kifimbo cha kuendeshea kamera kinapopenya ubavuni mwa sanduku ndipo maji yanapotafuta njia. Cousteau hakuwa na duka la kununua chombo cha namna hiyo. Alipata kamera kuukuu aina ya Kinamo kwa bei ya chini. Mkimbizi mmoja kutoka Hungary akamsagia lenzi, na Léon Vêche, fundi wa mitambo katika manowari, akamtengenezea sanduku lisilopitisha maji. Tena ulikuwa wakati wa vita, mikanda ya sinema haipatikani. Basi walinunua mikanda mifupi ya kamera ya kawaida ya Leica, wakaingia chumba cha giza na kuiunganisha kimoja kimoja mpaka ikawa mirefu ya kutosha.

Kwa sanduku hilo, mwaka 1942, alitengeneza filamu yake ya kwanza ya chini ya maji. Wapiga mbizi walikuwa wakizuia pumzi tu! Mwenzao Frédéric Dumas ndiye aliyeonekana akiwinda samaki kwa mkuki. Dumas huyo ndiye aliyemchoma samaki siku moja kilindini, wote wakashangaa kuona damu ikitoka kijani. Hapakuwa na uchawi. Maji huimeza rangi nyekundu ya mwanga wa jua kwanza kabla ya nyingine, na samaki alipoletwa juu damu ilirudi wekundu wake. Tangu hapo wakajua kwamba kamera ikienda chini lazima ifuatane na taa yake.

Mwaka 1943, yeye na mhandisi Émile Gagnan walifaulu kutengeneza kifaa cha kumpa mpiga mbizi hewa kutoka mtungi wa mgongoni. Chanzo chake kilikuwa vali ambayo Gagnan aliitengeneza kwa ajili ya motokaa zilizotumia gesi kwa sababu ya uhaba wa petroli. Ndicho kilicholeta umaarufu, na ndicho kilicholeta msiba. Mwaka 1947 Maurice Fargues aliteremka kujaribu kina cha kama mita 120. Akaandika jina lake kwenye kibao kilichofungwa katika kamba, kuonyesha kuwa amefika. Alipovutwa juu alikuwa amekufa, kifaa cha kupumulia kimemtoka kinywani.

Nadhani msiba huo unaeleza mengi ya yaliyofuata. Hakuacha kupiga mbizi, lakini kamera yake ilizidi kutumwa peke yake. Hapo mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwenye mabaki ya merikebu ya kale karibu na Marseille, kamera ya televisheni ilishushwa ili waliobaki juu waone kazi ya wapiga mbizi. Profesa Harold Edgerton wa Marekani, bingwa wa taa za kumulika ghafula, alishirikiana naye kuunda kamera za kilindini, na wakatengeneza Troika, chombo cha mabomba ya chuma kilichoburutwa sakafuni mwa bahari. Umbo lake liliwezesha kila kianguavyo kikae sawasawa. Mwaka 1956 Calypso ilitia nanga kwa kamba ya nailoni mahali penye kina cha mita 7,500 katika Bahari ya Atlantiki, na kamera ikateremshwa huko. Mfaransa mwingine, Dimitri Rebikoff, alikuwa amekwisha kuunda mwaka 1953 chombo kilichoongozwa kwa waya kutoka juu. Siku hizi vijana hujiundia vyombo vya jamii hiyo kwa mabomba ya plastiki ya maji, mota ndogo za pampu za mashua, kamera ndani ya kopo lililozibwa na waya mrefu. Adui wao ni yuleyule wa Vêche: tundu ambamo waya unapita.

Sasa niseme neno lisilopendeza. Filamu iliyompa Cousteau tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956, aliyoitengeneza pamoja na kijana Louis Malle, ilipigwa kwa sehemu katika Bahari ya Hindi yetu hii. Katika kisiwa cha Assumption, karibu na Aldabra, tunamwona chewa mkubwa aliyezoeana na wapiga mbizi kama mbwa wa nyumbani. Lakini filamu hiyohiyo inaonyesha mabaharia wakilipua mwamba kwa baruti ili kuhesabu samaki, na wakiwaua papa kwa hasira baada ya mtoto wa nyangumi kujeruhiwa na rafadha ya Calypso yenyewe. Mvuvi wa pwani yetu akikutwa na baruti hufungwa. Sioni kwa nini sayansi ipewe ruhusa ambayo njaa imenyimwa.

Kwa haki yake, alibadilika. Mwaka 1954 Calypso ilikuwa ikitafuta mafuta karibu na Abu Dhabi kwa kulipwa. Mwaka 1960 Cousteau alisimama hadharani kupinga taka za nyuklia zisitupwe katika Bahari ya Kati. Mwaka 1979 mwanawe Philippe, mpiga picha aliyemtegemea, alikufa katika ajali ya ndege ya majini karibu na Lisbon.

Calypso iligongwa na tishari na kuzama Singapore mwaka 1996, ikaopolewa. Nahodha wake alifariki Paris tarehe 25 Juni, 1997, akiwa na umri wa miaka 87, akazikwa Saint-André-de-Cubzac.