Burt Munro na Pikipiki Yake Moja

Ndugu Mhariri aliponiandikia akinitaka nitoe maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha fariki zamani, nadhani alitazamia nitamletea habari za kiongozi au za mwanasayansi. Wale tuliosoma pamoja mtakumbuka kwamba mimi nilikuwa mtu wa karakana kuliko mtu wa maktaba, na umri haujanibadili. Kwa hiyo naomba radhi mapema. Nitakayemwandika ni fundi wa pikipiki kutoka Nyuzilandi, Herbert James Munro, ambaye dunia inamjua kwa jina la Burt.

Ninayo sababu ya kumchagua. Nyuma ya nyumba yangu hapa Wazo, chini ya kile kilima cha mawe ya chokaa, kuna banda la mabati, na ndani yake imo BSA ya silinda moja ambayo hakuna kiwanda kilichopata kuiunda jinsi ilivyo leo. Fremu niliikuta imeegemezwa mwembeni kwa mzee mmoja. Injini niliitoa Gerezani katika vyuma chakavu, gurudumu la nyuma ni la pikipiki nyingine kabisa, na tangi lilichomelewa upya na fundi bati. Inatembea. Jumapili alfajiri, kabla daladala hazijajaa barabara ya Bagamoyo, huipeleka hadi Bunju na kurudi. Vijana wa bodaboda hunipita wakicheka, nami huwapungia mkono.

Munro alizaliwa tarehe 25 Machi, 1899, karibu na mji wa Invercargill, kusini kabisa mwa Nyuzilandi. Walizaliwa pacha, lakini dada yake alifariki siku ile ile ya kuzaliwa. Wazazi wake walikuwa wakulima, na baba alimtaka kijana abaki shambani. Kijana mwenyewe alipenda kila kitu kiendacho mbio, tangu farasi wa shambani. Mojawapo ya pikipiki zake za mwanzo ilikuwa Clyno yenye kigari cha pembeni. Aliking'oa kigari, akaenda nayo mashindanoni.

Mwaka 1920 akanunua ile ambayo ingekuwa naye karibu maisha yake yote: Indian Scout, iliyotengenezwa Marekani katika mji wa Springfield, na ilikuwa Scout ya 627 kutoka kiwandani. Silinda zake zilikuwa mbili, zimekaa kwa pembe kama herufi V, na ujazo wake sentimita za ujazo 600. Mwendo wake wa juu ulikuwa maili 55 kwa saa, yaani kilomita 89. Kwa barabara za siku zile ulikuwa mwendo wa kutosha kabisa, lakini Munro hakutosheka. Mwaka 1926 alianza kuifungua na kuibadilisha, na kazi hiyo hakuiacha mpaka uzee ulipomzuia.

Hapa nawaomba wanafunzi mlioko madarasani mnisikilize kwa makini, maana hesabu zake ziko katika vitabu vyenu vya fizikia. Mtu akitaka kuongeza mwendo mara tatu, upinzani wa hewa hauongezeki mara tatu. Huongezeka mara tisa, na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda huongezeka mara ishirini na saba. Ndiyo sababu haikumfaa Munro kupanua silinda peke yake. Ilimbidi pia aifunike pikipiki nzima kwa ganda lenye umbo kama la samaki, yeye mwenyewe akilala ndani yake kifudifudi, ili hewa ipite bila kukwama. Valvu, ambazo kiwandani ziliwekwa ubavuni mwa silinda, alizihamishia juu ya kichwa cha injini. Ujazo aliupandisha kidogo kidogo hata ukafika karibu 950.

Vipuri vya kazi hiyo havikuuzwa dukani popote, na hata kama vingeuzwa, fedha hakuwa nazo. Akavitengeneza mwenyewe. Pistoni alizisubu kwa kumimina metali iliyoyeyushwa ndani ya makopo ya zamani. Silinda alizikereza kutokana na mabomba ya chuma yaliyokuwa yamefukuliwa ardhini, mabomba yaliyopitisha gesi mjini. Yale magurudumu mazito ya ndani ya injini aliyatengeneza, na konrodi alizichonga kwa mkono kutoka chuma kigumu cha ekseli ya trekta. Kipimo chake cha ndani ya silinda kilikuwa spoki kuukuu. Kijana wa leo mwenye kipimo cha kidijitali ataona kama mzaha, lakini fundi yeyote wa Gerezani atamwelewa.

Mambo hayo yalivunjika mara nyingi mno. Fikirini injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika: kila pistoni husimama na kugeuza njia mara 200 katika sekunde moja, na konrodi ndiyo inayoibeba purukushani hiyo yote. Ikiwa na ufa mwembamba kama unywele, hukatika na kutoboa kasha la injini. Munro hakuvitupa vilivyovunjika. Alivipanga kwenye rafu, pistoni zilizoyeyuka, konrodi zilizopinda, valvu zilizokatika, akaandika juu yake maneno ya kueleza kwamba hizo ni sadaka zake kwa mungu wa mwendo kasi. Utani, bila shaka. Mimi nami ninalo kopo la namna hiyo bandani. Limo vipande vya pistoni niliyoisubu kwa alumini ya masufuria, ambayo ilidumu safari moja ya kwenda Tegeta na nusu ya safari ya kurudi. Nilisukuma iliyobaki.

Miaka ya shida ya uchumi alirudi kwa baba yake shambani, kisha akapata kazi ya kuuza na kutengeneza pikipiki mjini Invercargill. Mchana alifanya kazi ya mwajiri. Usiku kucha alifanya kazi yake. Alishindana kwenye mchanga wa ufuo wa Oreti na hata ng'ambo, Australia, akavunja rekodi kadhaa za kwao. Nayapita haraka mashindano hayo, kwa sababu kuna jambo jingine ambalo waandishi wengi hulipita haraka wao.

Munro alioa mwaka 1925, akajaliwa watoto wanne. Mwaka 1947 ndoa ilivunjika kisheria. Aliacha kazi, akahamia katika gereji, akaweka kitanda kando ya mashine zake, na huko akaishi. Filamu iliyotolewa mwaka 2005, ambamo Anthony Hopkins alicheza nafasi yake, inamwonyesha kama babu mpole mwenye vichekesho, na safari zake nyingi imezifanya safari moja. Ni filamu nzuri, nimeitazama zaidi ya mara tatu. Mara ya kwanza niliitazama na mke wangu. Ilipokwisha, nami nikiwa bado nimejaa furaha, aliniuliza swali moja tu, kwamba mke wa huyu bwana alikuwa wapi. Sikuwa na jibu. Baadaye nilisoma habari za maisha yake nikalipata, na nilipompa, alilitazama banda langu kwa dirisha la jikoni, akaendelea kupepeta mchele.

Ndugu zangu, sisemi Munro alikuwa mtu mbaya. Nasema tu kwamba usiku una saa zilezile kwa kila mtu, na saa alizozipeleka kwenye konrodi zilitoka mahali.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 moyo wake ulianza kumsumbua, maumivu ya kifua yakawa yanamrudia. Mtu wa umri ule mwenye maradhi yale angekaa kivulini. Yeye alifunga Indian yake katika sanduku, akaipakia melini kwenda Marekani. Alikuwa akienda Bonneville, katika jimbo la Utah, mahali palipokuwa ziwa zamani za kale. Maji yalikauka yakaacha chumvi, nyeupe, ngumu na tambarare kama sakafu, hadi jicho linapokoma. Nikitazama vumbi jeupe la chokaa lililoyafunika majani ya miti huku kwetu wakati wa kiangazi, hujaribu kuupata picha weupe huo, ila kwetu kuna milima na mashimo, na ng'ombe hukatiza njia.

Mwaka 1962, akiwa na umri wa miaka 63, Munro aliweka rekodi ya dunia kwa injini zisizozidi ujazo wa 883: kilomita 288 kwa saa. Pikipiki ilikuwa na miaka 42. Mwaka 1966 akaweka nyingine, ya daraja la injini zisizozidi 1,000, kwa kilomita 270. Mwaka uliofuata, 1967, akiwa na miaka 68, alirudi na kuipandisha rekodi hiyo mpaka kilomita 295.45. Kumbukeni kwamba rekodi hupimwa kwa kwenda na kurudi, kisha huchukuliwa wastani, ili upepo wa mgongoni usimsaidie mtu. Katika mbio moja ya upande mmoja mwaka huohuo alipimwa kilomita 305.89.

Watu huuliza kama hiyo bado ilikuwa pikipiki ya 1920. Pistoni, silinda, valvu na konrodi hazikuwa zile. Rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye bweni moja, ambaye siku hizi ni mwanasheria, hushikilia kwamba ni pikipiki mpya yenye jina la zamani. Mimi nasema kitu kilichobadilishwa kipande kimoja kimoja na mkono uleule kwa miaka zaidi ya arubaini ni kitu kilekile, kama vile nyumba ya udongo inayokandikwa kila mwaka inavyobaki nyumba ya babu. Tutalimaliza siku ya mkutano, na yeye ndiye atakayenunua soda.

Mwaka 1977 Munro alipata kiharusi. Akajua hawezi tena, akamwuzia pikipiki zake mfanyabiashara mmoja wa Invercargill ambaye hakutaka zitoke mjini, na hadi leo zimo dukani humo, katikati ya nyundo na misumari, watu huenda kuzitazama. Alifariki tarehe 6 Januari, 1978, akiwa na miaka 78.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nikubali ombi la Mhariri. Miaka 36 baada ya kifo hicho, mwaka 2014, mwanawe aitwaye John aliketi akapitia hesabu za mbio zile za 1967. Akaona wastani ulikosewa wakati wa kukokotoa. Chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kikazipiga hesabu upya, kikakubali, na rekodi ya baba ikasahihishwa kutoka kilomita 295.45 kuwa 296.26 kwa saa. Tofauti haifiki hata kilomita moja. Lakini aliyeitafuta ni mmoja wa wale watoto wanne, ambao baba yao aliwatoka akaenda kulala gereji.

Nilimsomea mke wangu habari hiyo mezani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema nimwambie mwanetu wa mwisho aje bandani anishikie taa. Sasa huja. Ana mkono mzuri wa kabureta kuliko wangu, na kelele zake ni nyingi.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaotaka kuona injini ikifunguliwa wanakaribishwa Wazo Jumamosi yoyote baada ya saa nane mchana. Waje na nguo kuukuu na ruhusa ya mwalimu wa zamu. Mwezi huu tunasubu pistoni nyingine, na safari hii nimeacha masufuria, natumia pistoni chakavu za malori, ambazo alumini yake ni ya aina inayostahimili joto. Saa kumi na mbili jioni mlango hufungwa, kwa sababu hiyo ndiyo saa niliyokubaliana na mama watoto.